Gobore la Eastleigh: ni bandia, ghushi au mwigo?

MAGAZETI yetu hayachoki kutuarifu kwamba mshukiwa fulani amenaswa akiwa na “bastola bandia”. Msomaji huelewa mara moja: kitu chenye sura ya bastola kisichoweza kumdhuru mtu. Neno bandia linatosha hapo. Lakini miezi michache iliyopita niliombwa kuandika karatasi ya aya mbili tu kuhusu bunduki ya zamani, na kabla sijamaliza sentensi ya kwanza ikanibidi nilitupe neno hilo, nilitupe na lile la pili, kisha nikae na kalamu mkononi. Wazee wawili waliofanya biashara pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini walikuwa wameahidi kufuata neno nitakaloliandika.

Mmoja ni muuzaji wa mapazia na mazulia katika mtaa wa Eastleigh hapa Nairobi, au Isili kama vijana wanavyouita. Wa pili ni rafiki yake wa Mombasa, ambaye alikopa mzigo wa shilingi 200,000, biashara ikamwendea mrama, na badala ya pesa akaleta rehani: gobore refu lililofungwa kwenye shuka. Maelezo yake ni kwamba lilikuwa la babu wa babu yake, aliyesafiri na misafara ya pembe kutoka Zanzibar. Juu ya bamba la mtambo lina taji, herufi GR na neno TOWER. Muuzaji wa mazulia alilitandaza mezani, akaniambia, “Prof, wewe ni mtu wa maneno ya zamani. Niambie, hii ni mali ama ni mapambo? Na usinizungushe.”

Nimeshughulikia msamiati wa misafara kwa miaka mingi, ndiyo sababu aliniita mimi na si fundi. Ila ningependa msomaji ajue kwamba wafanyabiashara wa Eastleigh hawahitaji profesa wa kuwafunza tofauti ya kitu halisi na mfano wake. Tangu Garissa Lodge igeuzwe kutoka nyumba ya wageni kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtaa ule umekuwa chuo cha kupima bidhaa kwa kidole. Sikiliza namna wanavyoongea. Kuna orijino. Kuna kopi, na kopi zenyewe zina gredi. Halafu kuna feki. Muuzaji mwaminifu atakwambia waziwazi, “Hii ni kopi, lakini ni kopi safi,” na atataja bei ya kopi. Kiatu kilekile akikitaja kuwa orijino, hapo ndipo kinapogeuka kuwa feki. Ngozi haijabadilika wala uzi. Kilichobadilika ni kauli ya muuzaji.

Tofauti hiyo ndiyo Kiswahili chetu sanifu kinaibabaisha. Bandia, kwa asili, ni mwanasesere, mtoto wa bandia. Ni kitu kilicho na umbo la kingine bila uwezo wake: hakili, hakilii, hakikui. Ghushi ni neno zito zaidi. Limetoka kwenye Kiarabu na maana yake ni kuchanganya kilicho safi na kisicho safi kwa nia ya kudanganya, kama maziwa yaliyotiwa maji au hati yenye sahihi ya mtu asiyehusika. Ukisema bunduki ni ghushi, umesema kuna mtu aliyeghushi. Nakala nayo imezoea karatasi. Sijawahi kumsikia mtu akisema “nakala ya jembe”. Ningeandika ghushi, ningekuwa nimemshtaki mzee wa Mombasa. Ningeandika bandia, ningemfanya kichekesho.

Tuanze basi na hilo neno TOWER, maana hapo ndipo wengi hudanganyika. Ni jina la Mnara wa London, ambako serikali ya Uingereza ilikuwa na ghala lake kubwa la silaha. Bunduki za jeshi zilizokaguliwa kwa niaba ya serikali zilipigwa chapa ya taji, herufi za mfalme na neno hilo. GR ni Mfalme George. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, zilibaki bunduki nyingi mno zisizo na kazi. Kisha Ulaya ikaanza kubadilisha silaha zake kila baada ya muda mfupi: kutoka jiwe la gumegume hadi fataki, kutoka fataki hadi bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma kama Snider ya 1866 na Martini-Henry ya 1871. Kila jeshi lilipovua silaha za zamani, wafanyabiashara walizikusanya na kutafuta wa kuwauzia. Zanzibar ilikuwa mlango mmojawapo mkubwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kwa mwaka.

Sasa angalia hili. Soko la Afrika lilikuwa limejifunza kuiamini chapa ya TOWER. Mnunuzi wa Unyamwezi au Manyema hakusoma Kiingereza, lakini taji na zile herufi tano alizijua kama leo tunavyojua alama ya kampuni ya simu. Mafundi wa Birmingham walitengeneza bunduki za kuuza Afrika zenye sura ya bunduki ya jeshi lakini kwa chuma cha daraja la chini. Mafundi wa Liège, Ubelgiji, ambao walikuwa mabingwa wa kutengeneza kwa bei nafuu, nao wakaanza kupiga taji na neno TOWER kwenye bunduki ambazo hazikuwahi kuuona mto Thames. Kwa lugha ya Eastleigh, soko la karne ya 19 lilijaa kopi za gredi mbalimbali, na baadhi yake zilikuwa feki hasa, kwa kuwa zilidai kuzaliwa mahali ambako hazikuzaliwa.

Kwa hiyo swali la “Je, hii ni orijino?” lina mtego ndani yake. Orijino ya nini? Bunduki ya Liège ya mwaka 1860 yenye chapa ya uongo ya London, iliyobebwa na mpagazi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ni kitu halisi cha historia yetu ingawa maandishi yake ni ya uongo.

Wahenga wetu hawakuwa mabwege katika biashara hiyo. Ushahidi wangu ni msamiati. Kabla hujafika kwenye bei, Kiswahili kinakulazimisha useme bunduki inawashwaje. Bunduki ya mrao ni ile iliyotumia utambi unaofuka moto. Bunduki ya gumegume ilitumia jiwe linalopigwa kwenye chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki ilitumia kikofia kidogo chenye baruti kali. Richard Burton alipofunga safari ya kwenda maziwa makuu mwaka 1857, msafara wake mmoja ulikuwa na askari Wabaluchi wenye bunduki za mrao pamoja na walinzi wengine wenye gumegume za TOWER. Vizazi viwili vya silaha vilitembea kwenye njia moja, na kila kimoja kilikuwa na jina lake.

Juu ya hayo kuna maneno ya sehemu. Mtutu ni bomba lenyewe. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Kifa ni kile kitundu kinachopitisha moto kutoka nje hadi kwenye baruti iliyo ndani. Marisau ni vyembe vidogo vya risasi, popoo ni tufe la risasi. Kiasi, neno ambalo leo tunalitumia kwa kila kitu, lilikuwa pia kipimo cha baruti cha mlio mmoja, na baadaye likawa jina la risasi yenye ganda lake. Hata kitenzi kushindilia, ambacho kijana wa leo anakijua kwa mtu anayejaza ugali mdomoni, ndicho kilichotaja kazi nzima ya kuijaza bunduki hiyo kupitia mdomoni mwake. Korofindo na gobore ni majina ya jumla ya silaha za aina hiyo. Mtu mwenye maneno haya yote ana orodha kamili ya mahali pa kuangalia kabla hajatoa fedha.

Niliyafuata hayo maneno moja baada ya jingine pale dukani, mapazia yamesogezwa kando, vijana watatu wa duka wakichungulia.

La kwanza ni mdeki, kwa sababu ya usalama. Gobore linaweza kukaa na baruti ndani miaka mingi, na mtu akalipiga picha ya harusi bila kujua. Unausukuma ufito taratibu hadi mwisho, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekezwa mbali na watu, unautia alama, kisha unaulaza nje ya mtutu. Ukifika usawa wa kifa, mtutu ni mtupu. Ukipungua inchi mbili tatu, simama hapo hapo na umwite anayehusika. Huu wetu ulifika.

La pili ni mtutu. Rafiki wa Mombasa alikuwa ameitaja silaha yake kuwa “raifo”, na wengi husema hivyo kuhusu bunduki yoyote ndefu. Raifo ni ile yenye mikato ya mzunguko ndani ya mtutu, inayoizungusha risasi ili iende sawasawa. Kurunzi ilionyesha ukuta laini kama bomba la maji. Si kasoro, maana magobore mengi yaliyoletwa huku yalikuwa laini ndani, lakini ni vyema kitu kiitwe jina lake.

Halafu nikatafuta alama za majaribio. Watu wengi hushughulika na chapa ya mtambo na kuisahau ile ya mtutu, ambayo ndiyo yenye maana kwa fedha. Birmingham ilipata nyumba yake ya kujaribia mitutu kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Mtutu ulishindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukalipuliwa. Usipopasuka unapigwa alama ya taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana. Liège ilikuwa na yake, herufi ELG ndani ya duara la yai. Alama hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia mnunuzi kwamba vidole vyake vitabaki mkononi. Bunduki nyingi za bei ya kutupa zilikwepa jaribio, kwa hiyo kukosa alama peke yake hakuamui kitu. Hii haikuwa nayo.

Kutu ilizungumza zaidi. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi yanayovuta maji na kula chuma. Gobore lililofanya kazi huliwa zaidi pale moto ulipotokea, kuzunguka kifa na kisahani cha baruti. Kutu ya bunduki iliyokuwa mezani ilikuwa imeenea sawasawa kila mahali, mpaka upande wa ndani wa bamba ambako moshi haufiki. Hiyo ni kazi ya tindikali, si ya miaka. Parafujo zake zote zilikuwa na vichwa vya upana mmoja na uzi wa kisasa wa mashine. Mti wake haukuwa mjozi wa Ulaya. Ulikuwa mzito na mwekundu chini ya rangi nyeusi, na naamini ni ule mti wa Kihindi wa jamii moja na mpingo wetu. Shingoni hapakuwa na kiraka wala alama yake. Magobore yaliyotumika bara mara nyingi yalipasuka shingo, na mafundi wetu waliyafunga kwa ngozi mbichi inayojikaza ikikauka, au kwa waya wa shaba.

Mwisho, kifa. Nilichomeka sindano ya kushonea magunia. Haikupita. Kulikuwa na kishimo kidogo tu, na nyuma yake chuma kizima kisichowahi kutobolewa. Watengenezaji wa India husafirisha mifano yao namna hii makusudi, ili ihesabiwe kuwa pambo na si silaha.

Kwa hiyo ilikuwa kazi ya miongo ya karibuni, si ya karne ya 19. Bei? Hapa pana ngazi, na mtu asikubali kuambiwa kwamba kila mfano ni takataka. Kampuni za Italia kama Pedersoli, iliyoanzishwa mwaka 1957 huko Gardone Val Trompia, hutengeneza magobore mapya yanayopiga kweli, yenye mitutu iliyojaribiwa na kupigwa alama, na hununuliwa kwa zaidi ya dola 1,000 na watu wanaoshindana kulenga shabaha. Mfano wa India usio na kifa huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Ukiwa umeundwa vizuri, mtambo ukashika na mti ukakaa sawa, hoteli ya pwani itaununua kwa furaha kuutundika ukutani. Ila deni la shilingi 200,000 haulilipi.

Na kabla ya bei kuna sheria. Lingekuwa gobore zima lenye kifa wazi, swali la kwanza lingekuwa leseni. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haikomei hapo: inatambua hata kitu chenye sura ya bunduki kisichoweza kulipuka, mtu akikitumia kwa uhalifu. Lingekuwa la kale kweli, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 ingeingia, kwa kuwa inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kitu hicho hakitoki nchini bila kibali. Wanaonunua “antiki” kwa ajili ya wateja wa Dubai na Ulaya wangefanya vyema kuukumbuka mwaka huo.

Nikaandika hivi kwenye karatasi: bunduki hii ni mwigo wa gumegume ya TOWER, umeundwa kwa kupamba, haujawahi kupiga. Mwigo ni neno tulilo nalo tangu zamani kutokana na kuiga, wingi wake miigo, na halimtaji mwizi wala mjinga. Linasema tu kwamba kitu kimefuata umbo la kingine. Mzee wa Mombasa alipolisoma alinyamaza kwa muda, kisha akasema marehemu baba yake ndiye aliyeileta nyumbani, akitoka safari, na watoto wakaambiwa ni ya babu. Mwenzake akamjibu, “Sikiliza ndugu yangu, Prof hajasema umenidanganya.” Walikubaliana kuihesabu kama pambo, deni likapungua kidogo, lililobaki likagawanywa kwa miezi. Ingelikuwa nimeandika ghushi, sidhani mazungumzo yangefika huko.

Hata hivyo mwigo si neno la kudharau, na historia yetu inalithibitisha hilo kwa njia ya ajabu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, kutoka bahari hadi bahari. Lakini uliacha mwanya: bunduki za gumegume zisizo na mikato ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa. Madhumuni yaliyotangazwa yalikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu ya hayo ni kweli. Lakini ukisoma kifungu hicho kwa macho ya mtu wa Tabora au Mombasa, kinasema kwamba Mwafrika atabaki na silaha ya enzi ya Napoleon huku mkoloni akija na Maxim.

Hivyo viwanda vya Liège vikaendelea kuunda magobore mapya kwa mtindo wa kale, hata baada ya karne ya 20 kuanza, kwa sababu sheria iliyataka yawe ya kale. Gobore lililotoka kiwandani mwaka 1898 likiwa na umbo la 1810 utaliitaje? Ni mwigo. Magobore ndiyo yaliyokuwa mikononi mwa wapiganaji wengi wa Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907, wale waliokuwa na bunduki, wengine wakiwa na mikuki na mishale. Mjukuu wa mpiganaji huyo akija na urithi wake, mtaalamu wa mnada wa London atasema ni bunduki ya biashara isiyo na thamani kubwa. Mimi ningemshauri asiiuze.

Kamusi zetu zina kazi hapa. Wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili wanalijua neno gumegume kwa maana moja tu, mwanamume asiyefaa kitu anayeimbwa kwenye taarabu. Na fataki wanalijua kutokana na matangazo ya redio ya Tanzania ya mwaka 2008 na baada yake kuhusu mtu mzima anayewanyemelea wasichana wa shule. Silaha mbili za zamani, na zote zimeishia kuwa majina ya wanaume wabaya. Kifa, mdeki na mrao hata hivyo hawavijui kabisa. Nimewapa zoezi la kuwahoji wazee wa Lamu, Pangani na Ujiji kabla ya likizo ijayo. Wakipata maneno mengine ya sehemu za mtambo, hasa jina la lile bamba la chuma linalopigwa na jiwe, ambalo hapa nimelazimika kulieleza kwa kuzungukazunguka, nitayaleta kwenye safu hii.